Haki Zote za Jina la Msafiri

Alhamisi, 1 Julai 1999
Baridi. Vumbi. Wateja wawili tu katika chumba changu cha gemu, na mmoja alikuja kuota joto la televisheni. Wengine wote wako kwa Zaidi, mshindani wangu wa ng'ambo ya barabara. Gemu lake la mbio za magari lina madereva wa kweli wa Ulaya, kwa majina yao. Langu lina Dereva wa Kwanza na Dereva wa Pili! Mwanafunzi mmoja wa chuo kanieleza: kampuni iliyotengeneza gemu la Zaidi ilinunua haki za majina yote, peke yake. Wengine marufuku. Watu wazima wanauziana majina! Nilikasirika mpaka saa kumi. Halafu nikafurahi. Gemu langu linaruhusu kuandika majina upya.

Ijumaa, 2 Julai
Nimewaandika waendesha baiskeli wetu wa mbio za Saba Saba. Wa kwanza Msafiri wa Ihumwa, bingwa wa mwaka jana. Maishani hajashika usukani, lakini kwangu anaendesha gari jekundu. Chumba kimejaa! Watu wanagombea kuwa Msafiri. Generosa, mke wangu, hajanisifu tangu nipunguzwe kazini na kiinua mgongo kiishie kwenye gemu. Leo kasema si haba. Zaidi kaja, kachungulia, kaondoka anacheka. Sikukipenda kicheko kile.

Jumapili, 4 Julai
Zaidi kapata gemu kama langu. Naye ana Msafiri! Mwizi mkubwa! Baada ya misa nikatoa taipureta, nikachapa mkataba. Miaka kumi na minne ya ukarani si bure. Jina la Msafiri lisitumike katika mashindano yoyote ya mbio, popote nchini, isipokuwa kwa Gaudence, yaani mimi. Msafiri kasaini kwa soda mbili na kucheza bure mwaka mzima. Mzee Mbaruku, mwenyekiti wetu wa mtaa, kagonga muhuri. Nikauvusha barabara, nikamwonyesha Zaidi. Kalifuta jina papo hapo. Dodoma hii nani abishane na muhuri?

Jumanne, 6 Julai
Balaa! Nilisahau kwamba Mzee Mbaruku ndiye mwenyekiti wa kamati ya mbio za baiskeli pia. Msafiri kaenda kujiandikisha, kakataliwa. Mzee kasema mbio ni mbio, ziwe za baiskeli au za televisheni, na hawezi kuupinga muhuri alioupiga kwa mkono wake. Zawadi ni bati ishirini. Msafiri alikwisha kumwahidi mama yake paa.

Kaja kwangu. Hakufoka. Alikaa kwenye benchi akaniuliza kama jina alilopewa na babu yake sasa aliombe kwangu. Niliona aibu, nasema kweli. Niliona pia ndugu zake sita mlangoni, wanaitazama televisheni yangu. Tukaenda wote kwa Mzee. Nikasema nauchana mkataba. Mzee akasema hati yenye muhuri haichanwi, inafutwa na kikao, na kikao ni Ijumaa. Mbio ni kesho!

Aliyetuokoa ni Generosa. Alimpa Mzee shikamoo yake, kisha akauliza kwa upole kama mkataba unakataza Msafiri kukimbia kwa jina la mtu mwingine. Mzee akausoma mara mbili. Haukatazi. Basi atakimbia kwa jina la Gaudence. Muhuri ukagongwa. Jamani, nimepumua!

Jumatano, 7 Julai
Kipaza sauti kimetangaza mshindi: Gaudence! Nilikuwa nimekaa natafuna karanga, nikainuka na kupunga mkono. Bati zinatolewa kwa jina la mshindi, kwa hiyo nimesaini mimi. Kwa dakika moja nikaliwaza paa letu linalovuja. Generosa kanitazama. Sikuliwaza tena. Bati zikapakiwa kwenye mkokoteni kwenda Ihumwa. Msafiri kanikumbatia mpaka mbavu zikalia, na mama yake kanipa kuku. Tangu nipunguzwe kazini sijafurahi hivi.

Ijumaa, 9 Julai
Kikao kimeufuta mkataba wa Msafiri. Salama! Nimelala usingizi wa mchana kama mtoto. Nilipoamka, Zaidi alikuwa mlangoni, mpole, kavaa kanzu safi. Kasema mji mzima unamtaja Gaudence, na yeye anaomba heshima ya kumweka bingwa kwenye gemu lake. Alikuja na mkataba kabisa. Soda mbili, na kucheza kwake bure mwaka mzima. Jina la Gaudence lisitumike katika biashara yoyote ya gemu, popote nchini, isipokuwa kwa Zaidi. Maandishi safi! Mtindo ni wangu mtupu, kajifunza kwangu. Tukaupeleka kwa Mzee Mbaruku, akaniuliza kama nimeusoma vizuri. Nikamkumbusha kwamba mimi ni karani. Kagonga muhuri.

Generosa kapanda juu ya kiti huko nje, anakwangua kibao chetu cha GEMU KWA GAUDENCE kwa kisu. Sijui haraka ya nini. Nimemwambia anisubiri nimsaidie, nikimaliza soda ya pili.