Kompyuta Iliyosafishwa Kupita Kiasi

Jumamosi, tarehe 8 Machi, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, jua lilikuwa kali na upepo haukuwapo. Benchi letu liko mbele ya kibanda cha Mama Chapa, anayetuchapia barua na kututolea nakala. Tulikuwa watatu: Gazeti, karani mstaafu asomaye habari kwa sauti hata pasipo mwenye kuuliza, Fundi Redio, ambaye meza yake ya kazi iko hatua sita kutoka hapo, na mimi, niitwaye Kiranja kwa kuwa nilisoma shule ya bweni na sijaona sababu ya kulificha jambo hilo.

"Sikilizeni," Gazeti akasema. "'Kompyuta yapata joto, yateketeza majalada ya viwanja.' Ofisa anasema chanzo ni vumbi ndani ya mashine."

"Ya viwanja tu?" Fundi Redio akauliza.

"Ya viwanja tu. Ya mishahara yamepona."

"Aisee, kompyuta hiyo ina akili! Imesoma mafaili yote, ikachagua."

"Kalenda ya ukutani nayo haikuungua."

"Moto wenye adabu zake," nikasema.

Mama Chapa akatokea mlangoni akijipepea kwa karatasi. "Chekeni tu. Yangu nayo inachemka. Nikichapa kurasa mbili, inazima. Mwalimu Mkuu anakuja saa nane kuchukua mitihani ya Jumatatu, na kasema nikichelewa tena, kazi zote za shule anampa yule wa ng'ambo ya barabara. Kodi ya kibanda naipata kwenye kazi za shule, jamani."

"Fundi wa kompyuta umemwita?" nikamuuliza.

"Kasema nimwachie siku nne aichunguze."

"Siku nne!" Gazeti akaguna. "Anaichunguza au anaichumbia?"

Fundi Redio alikwisha kushika bisibisi. "Chomoa waya ukutani. Haya, bonyeza kitufe cha kuwashia, umeme uliobaki uishe." Akafungua kifuniko cha ubavuni. Vumbi lilikuwa limeshonana kwenye feni kama sufi ndani ya mto.

"Mama, humu umefuga kondoo," Gazeti akasema.

"Vumbi hilo ni lenu. Nani anakokota miguu mlangoni kwangu tangu alfajiri?"

Fundi alizuia mapanga ya feni kwa njiti ya kiberiti yasizunguke, akapuliza kwa pampu ya baiskeli, kisha akapitisha brashi kavu kila pembe. Gazeti alipojitokeza na kitambaa kilicholowa maji, alinyang'anywa bila maelezo. Saa tano na robo wateja wakamwita Fundi mezani kwake.

"Msiguse kitu. Nikirudi tunafunga."

Nilichungulia chini ya feni. Pembeni mwa chuma kimoja chenye mapezi kama ya samaki palikuwa na kitu cha kijivu, kimetokeza mfano wa tope lililokauka.

"Gazeti, unaona? Huu ndio usafi wa mafundi. Sebule inafagiwa, uvunguni hakufikiwi."

"Kiranja, kasema tusiguse."

"Bwenini, aliyeacha uchafu wa namna hii alirudia kazi mbele ya wote." Nikapaza sauti. "Fundi! Mvivu mkubwa wewe! Umeacha tope katikati ya mashine!"

Wateja wote waligeuka. Fundi, aliyekuwa na redio sikioni, akapunga mkono. "Nakuja!"

Sikumngoja. Nililegeza skrubu nne, nikakiinua kile chuma, nikasugua kijivu chote kwa kitambaa, juu na chini, mpaka nikaona jicho langu mwenyewe. Nikarudisha kila kitu mahali pake, nikafunga, nikachomeka waya.

Kompyuta ikawaka. Mama Chapa akapiga vigelegele, akaketi kuchapa, ikazima. Akaiwasha tena, ikazima upesi zaidi.

"Kiranja, mwanzo nilikuwa nafika kurasa mbili. Sasa sifiki hata kwenye 'Jibu maswali yote.'" Hakuwa akicheka. Alikuwa akitazama ng'ambo ya barabara. Ilikuwa saa sita na nusu.

Fundi akarudi. "Mmefanya nini?"

"Nimemalizia ulichokiacha."

"Kipi?"

Nilimwonyesha kitambaa. Alikisugua kijivu kwa kidole gumba, akakinusa.

"Kaka, hii ni grisi ya joto. Inapakwa makusudi. Prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ikichemka, grisi ndiyo inapitisha joto liende kwenye chuma, feni ilipulize nje. Sasa joto lote limebaki pale pale."

"Kumbe kamchuna mgonjwa ngozi ili atakate!" Gazeti akasema.

"Ipo nyingine?" Mama Chapa akauliza kwa sauti ndogo.

"Naitumia kwenye amplifaya. Sijui kama imebaki."

Alirudi na tyubu ya grisi iliyokwisha kubinywa ikawa bapa. Akaikunja kutoka mkiani, akaikamua, na tone kama punje ya mchele likatoka. Akalipaka, akakibana chuma. Saa saba kasoro dakika ishirini kompyuta ikawashwa. Ukurasa wa kwanza ukatoka, wa pili, wa tatu. Kwenye wa tatu hata Gazeti aliweka gazeti lake chini. Ukaja wa nne.

Saa nane kamili Mwalimu Mkuu alifika, akahesabu nakala zingali na joto, akatia sahihi, akaondoka na boksi lake.

"Mimi nimepona," Mama Chapa akasema. "Wewe Kiranja bado unadaiwa. Umemtukana mwenzio mbele ya wateja wake."

Nilisimama, nikaenda mezani kwa Fundi.

"Fundi, nilikuita mvivu. Hukuwa mvivu. Mimi ndiye niliyefuta nisichokijua, tena baada ya kukatazwa. Naomba radhi."

Fundi hakuinua kichwa. "Waliokusikia walikuwa watano. Hapa naona wawili."

Aliyoyasema yalikuwa kweli. Nilikaa benchini nikawangoja watatu waliosalia waje kuchukua redio zao, na kila mmoja nilimtamkia maneno yale yale. Wa mwisho alikuja saa kumi na moja na nusu. Hakulikumbuka tusi lenyewe, lakini alisikiliza mpaka mwisho.