Nani Anaichezea Dawa Yangu kwa Penseli?

Mtaa wa Reli,
Karrawill, Australia Kusini.
Jumatatu.

Kwa Bi. Noelene Pascoe,
Mkutubi Mkuu, Maktaba ya Mji.

Bi. Noelene mheshimiwa,

YAH: KUCHEZEWA KWA DAWA YANGU

Natumaini goti lako linaendelea vizuri. Mimi si mtu wa kulalamika. Miaka arobaini nimekata manyoya ya kondoo, na waliokuwa wakilalamika ni kondoo.

Kama ujuavyo, mke wangu Merle alifariki mwaka jana, msimu wa manyoya. Nikawa silali, sili, naongea na birika la chai. Dkt. Perera hakunipa vidonge. Alichukua karatasi yake ya dawa akaandika jina la kitabu, kile cha kuishi na msiba chenye kibandiko cha kijani, akasema, "Mzee Clarrie, kakichukue maktaba. Kurasa kumi kila asubuhi." Nikatii. Nakisoma baada ya kula, na glasi ya maji pembeni. Siku niliyosahau sikusoma ishirini kesho yake, maana kila mtu anajua dozi haifidiwi.

Sasa basi. Mimi ni mgonjwa, kitabu ni dawa, na kuna mtu kaitia mkono dawa yangu! Pembezoni mwa kurasa kumejaa maandishi ya penseli, mwandiko mdogo uliolala. Chupa ya dawa ikikutwa imefunguliwa hurudishwa dukani. Madhara niliyopata mpaka sasa ni haya:

1. Ukurasa wa 14 kitabu kinashauri kutembea asubuhi. Penseli inasema: "Bila mbwa utarudia kona ya kwanza. Huna? Azima." Nikamwazima Tinka, mbwa wa jirani yangu Darrel Kuhnel. Sasa mbwa hataki kurudi kwao. Darrel ananipigia kelele juu ya ua: "Wee Clarrie, mbwa wangu umemwiba au umemwoa?" Mbele za watu, bibie, na mimi na umri wangu huu!

2. Ukurasa wa 52 kitabu kinasema umwandikie marehemu barua. Penseli inasema: "Usimpambe. Mume wangu alikuwa mtu mwema lakini alikoroma kama trekta, na nilimwandikia hivyo hivyo." Basi nikamwandikia Merle kuhusu keki yake ya matunda, ile iliyomvunja mchungaji jino. Kesho yake nikaikumbuka nikiwa kwenye foleni ya posta, nikacheka hadi nikashika ukuta. Mgane wa miezi kumi! Watu wakaninunulia soda wakidhani nimepatwa na kizunguzungu.

3. Ukurasa wa 97 ndipo penye uchochezi wenyewe. Hapo hatoi ushauri tena, anauliza: "Kwangu Jumatano ndiyo mbaya. Ni siku ya kutoa pipa la taka barabarani, na ilikuwa kazi yake. Kwako siku gani?" Nijibu wewe, Bi. Noelene: tangu lini dawa ikamhoji mgonjwa? Na kuna mjinga fulani amemjibu, kwa mwandiko mbaya ajabu: "Jumapili. Paja la kondoo ni kubwa kwa mtu mmoja." Kila kitabu kinapotoka kwangu, kikaenda kwa huyo mwingine na kurudi, maneno yameongezeka. Ukurasa wa 120 wanabishana kama mchuzi wa mnanaa, ule wa kulia paja la kondoo, uwekwe sukari. Haki ya nani, haya ni matibabu?

4. Nimekuja kaunta mara tatu kuuliza jina la mhalifu. Msaidizi wako Kirsty ananijibu, "Babu, siri ya msomaji ni siri." Sawa, siri. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi sitaki kungoja hadi huko.

Kwa hiyo naomba mhalifu atafutwe mara moja na anyang'anywe penseli. Naomba maandishi yote yafutwe kwa raba, neno kwa neno, wagonjwa wengine wapate dawa safi. Mwisho, mhalifu afikishwe mbele yangu, ana kwa ana, ajieleze. Mimi nina nafasi Jumapili saa sita mchana. Sina masharti ya mavazi.

Wasalimie wanakwaya wenzako wote, na Kirsty pia ingawa ana mdomo. Darrel usimsalimie hadi amwombe mbwa radhi.

Wako mtiifu, mwenye uchungu,
Clarence Trembath

N.B. Barua hii nimeileta mwenyewe, na kitabu, nikampa Kirsty vyote viwili. Akaisoma hapo hapo, akatoa raba. Ameshafuta ukurasa wa 14! Ananiambia, "Furahi babu, dawa yako inasafishwa." Lo! Nimempokonya kitabu na barua hii, niko kwenye kiti cha dirishani, kitabu nimekikalia, na sinyanyuki hadi usome hapa. Yote niliyoomba juu nayafuta mimi. Yule mjinga wa mwandiko mbaya ni mimi, na nilikuwa nimeanza kulala usiku. Ukurasa wa 131 mwenye penseli ameniuliza, "Na mchuzi nikiuleta mwenyewe?" Nimemjibu sasa hivi, kwa wino, raba isiuweze. Jina lake usiniambie, atajitaja mwenyewe akija Jumapili. Ila kitabu kimfikie leo au kesho, tafadhali sana. Nimeandika pia kwamba Jumatano hii pipa asiliguse, aniandikie tu namba ya nyumba.