Usukani wa Ba Chibwe Unatetemeka

Jumamosi, 22 Februari

Nafasi imekuja. Asante Mungu, na asante barabara ya Mansa.

Ba Chibwe amerudi leo mchana na gari lake jekundu la milango miwili, lile la mwaka 1971 alilokuja nalo Krismasi baada ya kustaafu mgodini. Ameshuka akikung'uta mikono kama mtu aliyetwanga mihogo tangu asubuhi. Anasema ukifika kilomita themanini kwa saa, usukani unatetemeka mpaka meno yanagongana. Chini ya sitini, kimya. Na Krismasi haukutetemeka kabisa.

Ameniuliza mimi kwa sababu ndimi ninayeliosha kila Jumamosi. Hakuna gari safi kuliko hilo Nchelenge nzima. Nimelisugua hadi rimu. Hata vile vipande vya risasi, ile metali nzito, ambavyo fundi fulani mchafu alivipachika ukingoni mwa rimu za mbele, nilivibandua mwezi uliopita. Za nyuma sikuzifikia, ziko upande wa ukuta.

Halafu akatoa neno. Atakayemaliza mtetemo huo atapewa chumba chake cha kando ya barabara kiwe gereji. Bure, mwaka mzima. Chumba kina mlango wa chuma na kufuli.

Noëlla, mke wangu, alichukua watoto mwezi wa kumi na mbili akaenda kwa dada yake Reine kule Chienge. Hakugomba wala hakulia. Alisema atarudi siku nitakapokuwa na kazi yenye mlango. Nimeuza vocha, nimeuza mafuta ya nywele, nimeuza dawa ya panya iliyowanenepesha panya. Hakuna hata moja iliyokuwa na mlango. Nimempigia simu papo hapo, nikamwambia chumba nimekwisha kukipata. Anakuja Ijumaa.

Jumapili, 23 Februari

Kanisani sikusikia mahubiri. Niliwaza usukani.

Nikagundua hivi: tatizo si mtetemo. Tatizo ni mikono kuusikia. Baada ya chakula nimekata sponji ya godoro letu, upande wa Noëlla kwa kuwa haulaliwi, nikauzungushia usukani na kuufunga kwa mpira wa baiskeli. Laini ajabu! Ba Chibwe ameendesha mpaka Kashikishi na kurudi. Anasema unatetemeka vilevile, ila sasa kwenye kona hakuna pa kushika. Amenirudishia sponji. Nimemuuliza kama mikono angalau imepata nafuu. Amefunga mlango wa gari.

Jumatatu, 24 Februari

Didier amesikia habari. Didier ni fundi mwenye breve, cheti cha shule ya ufundi ya Likasi kule Kongo, ameitia kwenye fremu na kuitundika mahali ambapo huwezi kunywa maji bila kuiona. Amepita mikono nyuma, akaniuliza mtetemo uko mikononi au kwenye kiti. Nikamwambia hiyo ni siri ya mgonjwa na daktari wake.

Lakini swali lilikuwa zuri, nikaliiba. Kama mtetemo unaweza kukaa mikononi au kwenye kiti, basi uhamie kwenye kiti! Nimetoa magurudumu ya mbele nikayapeleka nyuma, na ya nyuma nikayaleta mbele. Nusu siku, jeki moja, kidole gumba kimevimba. Ba Chibwe amejaribu mpaka njia ya kuelekea Kenani. Usukani umetulia kama maji ya bakuli. Amenishika mkono kwa mikono miwili, akasema mwabombeni, ba Ghislain, na kwamba chumba nitapewa kesho. Sijawahi kuambiwa pole ya kazi na mtu mwenye gari.

Nimekwenda kukipima chumba kwa hatua. Sita kwa nne.

Jumanne, 25 Februari

Ba Chibwe amekuja asubuhi akitembea vibaya. Usukani hautetemeki. Kinachotetemeka ni kiti. Anasema heri mikono, maana kwa umri wake mikono ina nguvu kuliko figo. Akamwita Didier. Mbele yangu!

Didier hakushika hata spana. Aliuliza magurudumu gani yamehamishwa, akachuchumaa nyuma ya gari, akapitisha kidole kwenye rimu. Akatuonyesha vidoa visafi ukingoni. Akasema hapo palikuwa na risasi. Kila gurudumu lina upande mzito, na risasi hupachikwa upande wa pili ili pande zilingane. Ukiitoa, gurudumu likizunguka kwa kasi linarukaruka. Haya ya mbele ya sasa bado yana risasi zake, ndiyo maana usukani umetulia.

Ba Chibwe akauliza nani anaweza kutoa risasi kwenye gari la mtu. Didier akasema pwani hii, siku chache kabla ya uvuvi kufunguliwa, ni mtu yeyote mwenye wavu unaoelea badala ya kuzama. Wote wawili wakatazama ziwa. Na mimi nikatazama ziwa.

Ni mimi. Vipande vyote saba. Nilimpa Mama Luse wa nyavu, yeye akanipa jogoo, na jogoo nikampakia basi dogo la Chienge aende kwa Noëlla. Noëlla alinipigia kusema asante. Nilifurahi siku tatu nzima.

Jumatano, 26 Februari

Mpango: kurudisha risasi kimyakimya, kisha nijifanye nimezinunua.

Mama Luse amekwisha kuzishonea wavuni. Uvuvi unafunguliwa Jumamosi na pwani nzima imekaa chini inashona. Nimemuomba anirudishie saba tu. "Awe, hapana," akasema, "wavu yangu inaingia mu maji siku ya posho, hiyo Jumamosi. Siifumui hata kwa pasta." Nikajitolea kumsaidia kushona. Akafurahi, maskini. Nilikuwa na wembe kwenye mkono wa shati.

Kufikia saa sita nilikuwa na vipande vitano mfukoni. Suruali yangu haina mkanda. Mama Luse akauliza mbona inashuka upande mmoja.

Nimezishona upya zote tano mbele ya wanawake tisa, na nyingine ishirini za adhabu. Nikawaeleza kila kitu, maana sindano inachoma na uongo unachosha. Mama Luse hakukasirika sana. Alisema risasi ni yake kwa haki ya jogoo. Kilichobaki ni uongo wangu, na huo nimpelekee mwenyewe Ba Chibwe.

Alhamisi, 27 Februari

Nilikuwa nimeamua kusema ni panya walioitafuna ile risasi. Nimefanya mazoezi mara mbili njiani.

Nimefika langoni, Ba Chibwe alikuwa akifuta kioo cha gari mwenyewe. Kabla sijafungua mdomo ameniuliza Noëlla anafika saa ngapi, na watoto ni wangapi. Akasema kesho nichukue gari nikawapokee stendi, nisiwatembeze juani na mizigo, hata kama kiti kinatikisika. Panya wote wakanitoroka. Nikasema kila kitu mpaka jogoo. Nilitokwa na machozi, naandika hapa kwa kuwa hakuna anayesoma.

Akacheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Alipomaliza kufuta macho akasema chumba ni cha Didier, maana neno ni neno. Nikasema ni haki. Imeniuma sana.

Didier amenifuata barabarani. Anahitaji mtu wa kufungua, kufagia na kuwakaribisha wateja. Sharti moja: nisiguse kitu chochote chenye skrubu. Nimekubali.

Ijumaa, 28 Februari

Nilimuomba Didier asimame ng'ambo ya barabara saa moja tu, mpaka Noëlla aone mlango. Akavuka akaenda kusimama kwa wauza samaki wakavu.

Noëlla ameshuka kwenye gari jekundu na watoto wawili na mabegi manne. Nimefungua kufuli mwenyewe. Nikaanza kumwonyesha pale nitakapoweka meza yangu. Yeye akaweka begi chini, akapaza sauti kumwita Didier kwa jina, akamwambia atoke juani. Kisha akanigeukia. "Nilijua uongo yako tangu juzi, Mama Luse alinipigia. Jana akanipigia tena, akasema ulienda kwa Ba Chibwe na miguu yako mwenyewe, hakuna mutu alikusukuma. Njo maana nimekuya."

Nimebeba mabegi yote manne kwa mara moja. Kuhusu godoro bado sijamwambia.

Jumamosi, 1 Machi

Nyavu zimeingia majini alfajiri. Didier na Ba Chibwe wamekwenda Mansa kwenye mashine ya kusawazisha magurudumu. Didier ameniachia ufunguo na kurudia habari ya skrubu mara tatu. Nimeapa mbele ya Noëlla kabla ya chai. Yeye amepanga mandazi yake hapo nje ya mlango, na ameniita baba watoto.

Saa tatu amekuja mfanyabiashara wa mahindi na pikapu inayopiga honi yenyewe kila akikata kulia. Akauliza fundi yuko wapi. Nikamkaribisha. Honi si skrubu. Honi ni nyaya.

Honi imenyamaza. Taa pia zimenyamaza, na injini. Mwenye gari yuko kwenye benchi, anakula andazi la nne. Mkononi nimebakiwa na nyaya mbili, ila sikumbuki zimetoka wapi. Noëlla ameingiza kichwa mlangoni akauliza kama Didier anajua.

Nimemjibu kwamba atajua.