Nusu ya Kichwa cha Mheshimiwa

Jumapili, 12 Oktoba

Tatu kwa moja. Tena nyumbani! Nyota ya Ziwa, timu ya mtaa wetu, timu aliyoishangilia marehemu baba yangu, imepigwa na watu wa Kanzenze waliokuja wamebanana kwenye lori la viazi. Wameshuka na tope miguuni, wametufunga, wamepanda lori lao wakaondoka wakiimba. Nina hasira mpaka masikio yanawaka.

Na nimegundua sababu. Si kocha. Si mvua. Ni Mheshimiwa Gasana, mjumbe wetu kwenye baraza la wilaya. Kila mechi tunayofungwa, yupo! Anawapa wachezaji mkono mmoja mmoja, anapiga mpira wa kwanza kwa kiatu cha ofisini, halafu anahutubia juu ya usafi huku vijana wanatetemeka kwenye manyunyu. Mkosi mtupu. Wanasiasa ndivyo walivyo. Tukishinda, wako katikati ya picha. Tukishafungwa, ghafla wana mkutano Kigali. Na timu ya taifa hivyo hivyo: kila mwaka tunaachiwa kalamu na karatasi tupige hesabu, eti fulani akitoka sare na fulani akifungwa, labda. Labda! Nimezeeka na labda.

Mimi nimetimiza wajibu wangu. Nimesimama nyuma ya goli letu kama kawaida, nikimwelekeza golikipa Cyiza. Goli la tatu limeingia akiwa amegeuka kuniuliza nimesema nini. Mikono inayobeba mizigo ya watu pale Petite Barrière mpakani wiki nzima inashindwa kubeba mpira mmoja!

Jumatatu, 13 Oktoba

Kinyozi mwenye hasira asifungue saluni. Nimemkata Hamdani sikio. Kidogo tu, lakini amepiga kelele kama nimemchinja. Hamdani ni fundi cherehani, na ndiye kocha wetu. Amesema mechi zimebaki mbili. Tusiposhinda hata moja tunashuka daraja, na kamati imeshaapa kwamba tukishuka timu inavunjwa. Nyota ya Ziwa ivunjwe! Baba angefufuka atupige makofi.

Kisha, ameshika sikio lake kwa pamba, akasema Cyiza analalamika kwamba kuna mtu anamsumbua nyuma ya goli. Najua anaowasema. Wale akina mama wa karanga. Nimemwahidi nitawafukuza. Amenitazama sana, akaondoka bila kuniaga.

Jumapili, 19 Oktoba

Mpango wa kwanza. Ijumaa nilimtumia Mheshimiwa ujumbe, nikajiita kamati, kwamba mechi imehamishiwa Nyundo. Leo akaenda! Karibu mechi nzima sikukaa nyuma ya goli. Nilikaa njia panda kulinda, nisije nikashtukizwa na gari lake. Nikasikia uwanja umelipuka. Tumefunga! Moja bila! Unaona? Bila yeye tunapeta.

Sasa sikia. Kule Nyundo alikuta watoto wamepata kipaimara na wazazi wamekaa kwenye viti. Mwanasiasa akiona viti vina watu, anahutubia. Akahutubia, akalishwa, akarudi mechi inakaribia kuisha. Nilipoliona gari nilikimbia kama mwizi mpaka nyuma ya goli, nikapiga kelele, Cyiza, amefika! Cyiza akageuka kuangalia nani amefika. Goli. Nikaanza kumweleza vizuri, taratibu, kwamba ni Mheshimiwa. Goli la pili. Mbili kwa moja!

Mtu huyu ni sumu. Hajashuka hata kwenye gari, tumeshafungwa mawili. Na ukimwangalia hana habari, anapunga mkono na kucheka. Nyani haoni kundule.

Jumatano, 22 Oktoba

Kaltumu, jirani yangu wa chai na sambusa, ameniuliza kama nimewahi kujaribu kuangalia mechi kutoka upande ule mwingine wa uwanja. Nimemwambia ashughulike na vitunguu vyake. Kila mtu siku hizi ni kocha!

Jumamosi, 25 Oktoba

Umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi. Tumezibua mfereji wa barabara ya sokoni, mtaa mzima. Mheshimiwa akashika jembe na kuja kuchimba karibu yangu, na mpiga picha wake nyuma. Mpiga picha alipoondoka, nikadhani na jembe litaondoka. Halikuondoka. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama kesho saa tisa nitakuwa saluni, maana anataka kunyolewa vizuri kabla ya kuingia uwanjani.

Kesho! Saa tisa! Saa ya mechi ya mwisho, anaileta shingo yake mwenyewe kwenye kiti changu. Hamdani alikuwa pembeni, akaanza kukohoa mpaka akainama. Vumbi, nadhani, ingawa tulikuwa kwenye tope.

Mpango wa pili umenijia pale pale, jembe mkononi. Mwanasiasa anaweza kwenda mbele ya watu bila sera. Bila nywele za upande mmoja hawezi.

Jumapili, 26 Oktoba

Lazima niandike kabla kichwa hakijapasuka.

Alikuja kwa wakati. Hilo peke yake lingenishtua. Nikamnyoa upande wa kushoto wote, safi, ukang'aa. Halafu nikavuta waya wa mashine kwa mguu. Nikasema, yoo, Mheshimiwa, umeme umekatika! Nikangoja agombe. Akajitazama kwenye kioo, kushoto, kulia, akasema, "Bon. Tutangoja." Akaegemea kiti.

Tukangoja. Nyuma ya ukuta redio ya Kaltumu inaimba na friji lake linanguruma. Nikakohoa kufunika. Kwa hasira na kuvizia nikajikuta namwambia usoni yote ninayofikiri juu ya wanasiasa: hotuba, viatu, picha. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akajibu kwamba mwanasiasa ana nafuu, kura zinamtoa. "Lakini mushabiki, Jado, nani atamutoa?"

Mara uwanja ukalipuka. Tulisimama wote wawili kwa pamoja. Nikaenda mlangoni, akanitangulia, akashika kizingiti. Akanisihi nisimwache peke yake na kichwa cha namna ile. Nikacheka moyoni. Amenaswa! Nikakaa. Uwanja ukalipuka tena.

Mwishowe watu wakapita barabarani wanaimba. Mbili bila. Tumebaki! Nilitaka kulia, baba. Mheshimiwa akainuka, akainama chini ya meza, akachomeka waya. Mashine ikaanza kuvuma kwenye kiganja changu.

"Umeme iko, Jado. Frigo ya Kaltumu inalia tangu tulikaa hapa. Mi nilijua."

Nikamuuliza, sasa ulikuwa unangoja nini?

"Vijana ya timu walikuya kwangu na Hamdani. Walisema, Mheshimiwa, tusaidie, shika Jado mupaka mupira iishe. Cyiza hawezi kucheza na we nyuma yake. Donc nimetoa nusu ya kichwa. Maliza sasa, watu wananingoja."

Nikainua mashine. Umeme ukakatika. Wa kweli! Hata redio ya Kaltumu ikanyamaza. Mheshimiwa akalaani kwa Kifaransa, akachukua kofia yangu ya msumarini, akakimbia.

Jumatatu, 27 Oktoba

Nimefikiri asubuhi nzima. Ukweli ni huu: Mheshimiwa hakuwepo uwanjani, tumeshinda. Hata mtoto wa chekechea ataona. Hiyo hadithi ya kunishika mimi ni siasa tu. Mwanasiasa akikuta mpango wa mtu umefaulu, anausimulia kama wake. Na picha iko kwenye kila simu mtaani: timu yote inacheka, na katikati nani? Yeye! Na kofia yangu kichwani! Hasira yangu haina mfano.

Hamdani amepita, mpole kuliko siku zote. Kombe linaanza Jumapili ijayo, na eti Mheshimiwa angependa kunyolewa tena saa tisa, hiyo Jumapili na zote zinazofuata. Nimekataa kata kata. Mwache aende huko uwanjani ahutubie akitaka, mkosi wake nimeshauvunja. Sasa Cyiza ananihitaji. Hamdani amekaa kwenye kiti cha wateja na kujishika kichwa kwa mikono miwili. Furaha hiyo, maskini.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinatuharibia kazi, na nimeshakirekebisha. Nimeazima kipaza sauti cha yule anayeuza dawa ya panya sokoni. Safari hii Cyiza hatahitaji kugeuka kuniuliza nimesema nini.