Jina la Fromaji ya Mama Mukashema

Jumatatu, 4 Juni 2012. Kirolirwe.
Akili imefunguka! Gentille, binti wa Mama Mukashema, kaleta simu kuchaji kibandani kwangu. Kasema hoteli moja ya Goma itanunua fromaji zao, yaani jibini, kila wiki, mradi wawe na tovuti yenye jina lao. Vita vimewaachia ng'ombe saba tu, na hoteli hiyo ndiyo tumaini lao lote. Watafungua tovuti wakipata nafasi. Mimi nafasi ninayo.

Jumatano, 6 Juni.
Goma. Barieri tatu za askari njiani, ya pili imebaki na redio yangu. Prince, mwenye duka la intaneti, kanieleza kwamba jina la tovuti ni la aliyewahi kulisajili. Nikawahi. Fromajimukashema, nukta, kom. Langu! Atakayelitaka atalinunua kwangu. Mkono mtupu haulambwi.

Ijumaa, 8 Juni.
Nimempelekea Mama barua, kwa kalamu nyekundu ili aogope. Lakini mimi, mgeni kutoka Butembo, nina adabu. Salamu kwake, kwa watoto, kwa ng'ombe mmoja mmoja, ukurasa ukajaa. Ikabaki nafasi ya mstari mmoja: jina lako liko kwangu, liko salama, tutaonana Jumapili. Bei nitaitaja kwa mdomo.

Jumapili, 10 Juni.
Baada ya misa Mama Mukashema kaniletea mtamba mweusi, mbele ya watu wote. Kanishika mikono yote miwili.

"Katembo, vita ilikula ngombe zangu. Weye njo ulinichungia jina. Kamata huyu, iko yako."

Hotuba ya bei ikanipotea. Mtamba mzima! Nikajua ni malipo ya kwanza, nikapokea. Watu wakapiga makofi.

Jumatatu, 11 Juni.
Papa Léonard, jirani yangu mfugaji, kaja kunipongeza. Nikamuuliza malipo ya pili huja lini. Kacheka mpaka akakaa chini.

"Huku kwetu, ukipokea ngombe ya muntu, muko ndugu. Hauwezi kumuuzisha ndugu yako kitu yake. Na mutoto ya kwanza ya huyu ngombe, utamurudishia."

Nimekwisha. Nikimdai Mama sasa, Kirolirwe nzima itanipa mgongo. Na mtamba anatafuna nyasi za paa la kibanda.

Jumanne, 12 Juni.
Nimempa Gentille neno la siri la lile jina, afungue tovuti yao. Bure! Nimenuna njia nzima.

Ijumaa, 15 Juni.
Gentille kafungua tovuti, na hoteli imeagiza. Fromaji thelathini zimeondoka asubuhi kwa pikipiki, na habari imefika kwamba zimepita barieri zote salama. Mama kalia huku anacheka. Kasema watoto watarudi shule. Nimefurahi, niseme ukweli. Kumchungia mwenzako jina ni jambo jema kabisa.

Nimelifikiria sana. Papa Sebahire wa kule kilimani ana ng'ombe hamsini, fromaji zake tamu, na tovuti hana. Kesho alfajiri naenda Goma kumchungia jina. Leo mchana nimeanza kujenga zizi la ng'ombe wawili.