Kochi Langu la Dukani

Jumatatu, 2 Juni

Upepo wa leo umepitiliza. Nimeshuka mjini kwenye basi la wizara, vumbi likaniingia mdomoni, masikioni, mpaka ndani ya soksi. Nikakimbilia mlango wa kwanza niliouona. Kumbe ni lile duka jipya la Mwanana, lenye matawi Dar na Arusha, linalouza mashati ya kitani, makochi na mito yake, na mishumaa ya kunukia. Bei zake sitaziandika. Nisije nikazisoma tena.

Nilikusudia kusimama pale mlangoni mpaka upepo utulie. Binti mmoja muuzaji akanisogelea, akasema, "Shikamoo, baba. Karibu nyumbani."

Najua wanafundishwa kusema hivyo. Hata hivyo. Tangu wizara ihamie Dodoma na mimi nikahamia nayo, nafika nyumbani kila siku na hakuna aliyewahi kunikaribisha.

Binti anaitwa Restuta. Akaniuliza natafuta nini. Sikuwa natafuta kitu. Nikasema kochi. Kochi la mtu mmoja, la sebuleni. Sina sebule. Nina chumba kimoja Chang'ombe, nyumbani kwa Mama Loisi, chenye kitanda, stuli na pasi. Akanikalisha kwenye kochi la rangi ya haradali, akaniletea juisi ya ubuyu, akauliza siku yangu ilikuwaje. Nikamweleza. Nilianza na mafaili yanayopotea masjala, nikamalizia na magoti yangu. Hakutazama simu yake hata mara moja.

Usiku huu nimepata mpango. Mtu anayetaka kununua kitu cha bei ile ana haki ya kufikiria. Nitakwenda kufikiria kila jioni. Nimeshamwambia Restuta kwamba ninajenga Iyumbu, na kwamba mke wangu Miriam, aliyeko Tanga, lazima aridhike na rangi. Mke wangu wa kweli hakuwahi kunisumbua kwa rangi za makochi. Yeye alichagua mlango tu, akatoka, miaka mingi sasa.

Miriam ni tofauti. Ni mtu wa kusubiri.

Jumanne, 3 Juni

Kuna mtu kwenye kochi langu.

Mnene, mzee kunizidi kidogo, kofia ya viua kichwani, viatu amevua na kuvipanga chini kama yuko msikitini. Anakunywa ubuyu. Restuta amesimama pembeni yake anacheka. Jana kwangu hakucheka, ingawa ni kweli kwamba nilikuwa nazungumzia magoti.

Anaitwa Abubakari. Kwao Ujiji, makazi yake Dar. Kazi yake ni kuchapa Hansadi bungeni. Mbunge anasema, yeye anachapa. Ameletwa kwa kikao hiki cha bajeti tu. Haya yote alinieleza bila kuulizwa, kisha akanionyesha kochi na kusema tukae kwa zamu, yeye amekaa vya kutosha. Ujanja wa kizamani. Anakupa kitu ili umshukuru. Nilimwambia ahsante, mimi napenda kukaa hapa, nikakaa juu ya tenga la kuwekea nguo chafu.

Tenga halikutengenezwa kwa ajili hiyo. Lilibonyea taratibu, mimi nikiwa ndani yake, magoti yakigusa kidevu. Abubakari ndiye aliyenivuta. Ana mikono yenye nguvu kwa mtu wa kuchapa.

Nimelinunua tenga. Sasa liko hapa chumbani, limeinama upande mmoja kama mtu anayesikiliza. Nguo zangu chafu ni shati moja.

Mama Loisi alilitazama nilipoingia nalo. Akauliza kama ni la kufugia kuku. Nikasema ni la mapambo. Akasema Wagogo wana mapambo yao, ila yanasimama. Kisha akanikaribisha ugali na mlenda, kama anavyonikaribisha kila jioni, na mimi nikamwambia nimeshiba. Nilikula mkate.

Jumatano, 4 Juni

Mpango mpya. Nimemwambia mkuu wangu jino linauma, nikatoka kazini mapema. Nikanunua Mwanana shati moja la kitani, nikalivaa hukohuko kwenye chumba cha kujaribia, ili nionekane mtu mwenye sebule. Kufika saa kumi kochi lilikuwa tupu. Nikakaa katikati, mikono yote miwili juu ya mikono ya kochi.

Abubakari alikuja baadaye. Hakuonekana kushindwa. Alivuta kibao, akakaa karibu yangu, akaniuliza kama pasi yangu imeharibika. Nikamweleza kwamba kitani ndivyo kilivyo. Akanipa pole.

Restuta akauliza mama amesemaje kuhusu kochi. Nikasema Miriam haamini rangi hiyo. Akasema nimpigie picha. Nikasema simu ya Miriam haipokei picha. Akasema basi nimpe namba, atamweleza yeye mwenyewe, mwanamke kwa mwanamke. Nikasema amefiwa, hapokei simu. Nilipoulizwa nani kafariki nikasema mjomba, na Restuta akasikitika sana, na Abubakari akanyanyua mikono na kumwombea marehemu.

Huyo Miriam ataniua.

Ndipo Abubakari akasema kwamba yeye mkewe alifariki mwaka juzi. Akasema wazi mbele ya binti kwamba hana haja ya kochi, hana pa kuliweka, anakuja tu kwa sababu siku nzima anaandika maneno ya wengine na jioni anapenda aulizwe lake moja. Restuta akamwongezea ubuyu. Glasi ya pili! Mimi nimejenga nyumba nzima Iyumbu na sijapata glasi ya pili.

Tulizungumza mpaka wakaanza kuzima taa. Alinieleza habari za migebuka, samaki wa ziwani kwao, mimi nikamweleza bosi wangu wa kwanza aliyekuwa akilala macho wazi. Alicheka mpaka akavua kofia. Jioni ilipita sijui vipi. Muda umepotea bure.

Alhamisi, 5 Juni

Nimechukua hatua.

Nilimwita Restuta pembeni, kwenye mapazia, nikamwambia kwa nia njema kabisa kwamba wapo watu wanaokuja dukani bila nia ya kununua, wanakalia bidhaa, na wateja wa kweli tunakosa nafasi. Sikutaja jina. Nilisema tu wengine wanavua na viatu.

Restuta aliacha kukunja pazia. Akasema, "Baba, una uhakika unataka nilipeleke hilo kwa meneja?"

Nikasema nina uhakika.

Akaenda. Aliporudi alikuwa na kibandiko, akakibandika kwenye mgongo wa kochi bila kunitazama. KAA HAPA KAMA UNANUNUA TU. Na juisi nayo, meneja kasema, kuanzia leo ni kwa walio na risiti ya siku hiyo.

Sina risiti ya leo; nikabaki nimesimama. Abubakari akaingia, akakisoma kile kibandiko mara mbili, midomo ikicheza kama anakihariri. Nilitegemea atakasirika. Alisema tu, "Haya. Dunia ya biashara," akasimama pembeni yangu, tukawa wazee wawili tunaotazama kochi kama watu waliofika msibani wamechelewa.

Kisha akasema Jumamosi ni Idd. Amepanga chumba Majengo, nyuma ya maduka ya nafaka; atapika pilau ya mbuzi mwenyewe, na hana wa kula naye. Akasema, "Njoo, ndugu yangu. Pilau ya mtu mmoja haipikiki."

Ningekataaje na kibandiko kile kinanitazama? Nikasema nitakuja.

Ijumaa, 6 Juni

Nimelala vibaya. Baridi, na upepo unapiga bati.

Lakini asubuhi, nikinyoa, nikaona jambo ambalo mtu wa kawaida asingeliona. Kesho Abubakari atakuwa Majengo anapika. Kutwa nzima. Kibandiko kinasema anunuaye akae. Hakisemi anunue nini. Nikinunua kitu kidogo, mshumaa kwa mfano, nitakuwa na risiti, na kochi, na juisi, na Restuta, bila mpinzani. Siku nzima!

Nimemwandikia Abubakari ujumbe kwamba nina homa. Alijibu papo hapo: "Pole sana. Unakaa Chang'ombe sehemu gani?" Nikamjibu karibu na kanisa, maana makanisa ni mengi.

Jumamosi, 7 Juni

Nilikuwa mlangoni kabla hawajafungua. Shati la kitani. Nikanunua mshumaa. Unanukia majani ya chai, kitu ambacho ningeweza kukipata kwa kuchemsha chai. Nikakaa.

Restuta hakuwepo. Kulikuwa na binti mwingine, mwenye simu. Hakusema karibu nyumbani. Nilimwonyesha risiti, akaniletea juisi, akaiweka juu ya kitanda cha maonyesho, mbali na mkono wangu, akarudi kwenye simu. Nikasubiri aulize siku yangu ilikuwaje. Baadaye nikamwambia mwenyewe kwamba leo upepo ni mkali. Akasema, "Ee."

Kochi lile, ukikaa peke yako kwa muda, linauma mgongo upande wa kushoto. Nilikuwa sijagundua.

Mchana nikamuuliza yule binti Restuta yuko wapi. Akasema ameomba ruhusa, kaenda kwa yule mzee wa Hansadi kula Idd. Mzee kamwalika tangu juzi, yeye na mlinzi wa mlangoni.

Nikatazama mlangoni. Kweli, mlinzi alikuwa mwingine.

Niliendelea kukaa. Ningekwenda wapi, na mimi nina homa? Kwenye saa tisa akaingia mama mmoja mwenye miwani mikubwa, akalizunguka kochi, akaligonga mgongo, akaniuliza kama ninaondoka au ninauzwa nalo. Vijana wawili wakaja kulibeba. Nikasimama. Mahali lilipokuwa pamebaki alama nne sakafuni, na mimi katikati yake na mshumaa.

Nyumbani nikakuta ujumbe. "Tumekuombea. Nimekuwekea chako."

Nimewasha mshumaa. Chumba kinanuka kama kantini.

Jumapili, 8 Juni

Asubuhi nikasikia hodi uani. Kisha sauti ya Mama Loisi ikisalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi," kisha kicheko ninachokijua.

Abubakari. Alikuwa ametembea kanisa baada ya kanisa akimuulizia mgonjwa anayeitwa Elisante, yaani mimi, na hotipoti mkononi. Makanisa manne, alisema, na yote yameahidi kuniombea. Sikuwa na muda wa kujilaza. Alinikuta nimesimama, nimekula mkate, ninapiga pasi shati la kitani.

Alitazama kitanda. Alitazama stuli. Alitazama tenga. Akauliza mama Miriam hajarudi kutoka msibani? Na Mama Loisi, nyuma yake, akasema kwa sauti ya mtu anayetaka kusaidia kwamba humu hajawahi kuingia mwanamke, labda yeye akija kudai kodi.

Nilitamani upepo unichukue unipeleke Bahi, unitupe kwenye majaruba ya mpunga.

 Abubakari alikaa pembeni ya kitanda, hotipoti magotini. Mwishowe akasema kwamba mkewe alipofariki alikaa miezi akiwaambia watu kazini kwamba hajambo, anasalimia. "Ilikuwa rahisi kuliko kuona nyuso zao," akasema. Kisha akauliza kama nina sahani.

Ninayo moja. Mama Loisi akaleta nyingine na mkeka, akaleta na mlenda wake, tukala uani juani, sisi watatu. Pilau ilikuwa na mdalasini mwingi. Mlenda, ambao nimeukataa tangu nihamie hapa, ni mtamu. Mama Loisi alimfundisha Abubakari kuukata kwa tonge, akachafua kanzu yake nzima ya Idd, na hakuna aliyejali.

Abubakari akasema Bunge likiahirishwa mwisho wa mwezi anarudi Dar. Jumapili zilizobaki ni chache. Nije Majengo kila Jumapili, yeye atapika. Nikasema nitakuja, na nilipokuwa ninasema nilikuwa ninamaanisha.

Alipoondoka nilimsindikiza mpaka barabarani. Nilirudi polepole. Sijui kwa nini nilisimama mlangoni nikiitazama barabara tupu. Pengine ni homa kweli.

Jumatatu, 9 Juni

Nilipita Mwanana kwa bahati tu. Ni njia yangu, ukizunguka.

Pale kwenye zile alama nne wameweka meza ya chakula. Mbao nyeusi, viti sita, sahani zimepangwa, vitambaa vimekunjwa, glasi zote zimesimama tayari. Kibandiko hakipo. Meneja, inasemekana, amegundua kwamba watu wasipokaa hawanunui.

Restuta alikuwepo. "Karibu nyumbani, baba. Homa imeisha?" Nikasema imeisha. Akauliza leo natafuta nini, nami nilikuwa na jibu kabla hajamaliza. Nikasema meza. Nategemea wageni.

 Akauliza wageni wangapi.

Nikasema wote.

Sasa nimepanga vizuri. Ile meza inataka kufikiriwa kwa utulivu, na siku yenye utulivu dukani ni Jumapili. Tatizo ni Abubakari. Akijua kuna viti sita atakuja na hotipoti. Nimeshamwandikia kwamba Jumapili nina safari ya kikazi Singida. Kajibu kwamba ataisogeza pilau mpaka Jumatatu, asiye na neno yule. Nimemjibu kwamba safari yenyewe ni ndefu.

Mama Loisi amegonga, ugali uko tayari. Nimemwambia nimeshiba.

Jioni hii nilijaribu kila kiti kimoja kimoja. Nimechagua cha kichwani mwa meza. Ukikaa pale unaviona vingine vyote vitano.