Marehemu Anaomba Kuoa

Habari ililetwa na Wembe kinyozi, maana mtu akishafungwa shuka shingoni na kushikiwa wembe hana budi kusema anayoyajua. Saa nane mchana aliacha kibanda chake wazi, akaja na simu mkononi mpaka kwenye benchi la Mama Birika, akakaa bila salamu na kutangaza kwamba tovuti ya ofisi ya usajili imeua watu mia tatu na arobaini tangu jana asubuhi.

Mama Birika, ambaye chai yake ndiyo iliyolifanya benchi lile kuwa kijiwe, alitaka kujua imewaua kwa kitu gani. Wembe akasema kwa rambirambi. Kila aliyeingia kuomba chochote alijibiwa "Poleni kwa msiba." Mama mmoja kaomba cheti cha kuzaliwa cha mwanawe wa wiki mbili, kaambiwa alete kibali cha mazishi. Mwenye bucha kaomba leseni, naye poleni. Mwingine aliuliza tu ofisi inafunguliwa saa ngapi, akaulizwa marehemu alifariki saa ngapi.

"Na huyo alijibu?" Mama Birika akauliza.

"Alijibu saa tatu. Alidhani anaulizwa saa anayotaka kwenda."

Mwishoni mwa benchi, Mabano alicheka pamoja na wenzake, lakini kicheko chake kilitoka kimechanganyika na kikohozi. Kijana huyu aliitwa Mabano kwa sababu siku ya kwanza alipoulizwa anafanya kazi gani alisema anaandika mabano: anafungua, anaandika neno, anafunga, mwisho wa mwezi analipwa. Kijiwe kizima kilijua anashughulika na kompyuta. Wasichokijua ni kwamba kwa miezi mitatu sasa kompyuta hizo zilikuwa za ofisi ya usajili, na kwamba faili linaloelekeza maombi yote ya wananchi, mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, lilikuwa kazi ya mikono yake.

Mjadala ukawaka. Mama Birika alishuku mkono wa mtu, kwa sababu watu mia tatu hawafi kwa siku moja bila mtu kunuia. Wembe alisema hakuna cha mkono wala mguu, ile ofisi tangu zamani ukiingia mzima unatoka umekufa, na kompyuta imechoka kuficha. Mabano alitaka kuchangia akaona ni heri anywe chai. Akachukua kijiko, akakoroga, akaendelea kukoroga.

Aliyebaki kimya ni Mzee Gundi, fundi viatu, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda chake ubavuni mwa benchi akishona soli. Mzee Gundi akiwa na uzi mdomoni hasemi. Akiukata, kaa vizuri. Safari hii aliukata, akafuta mikono kwenye aproni, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne chini ya sanduku lake la misumari.

"Mimi pia niliingia humo jana," akasema. "Niliomba ndoa ya binti yangu iandikishwe. Sasa mnisomee, labda macho yangu yamezeeka."

Wembe akaisoma kwa sauti. Poleni kwa kuondokewa na mpendwa wenu. Jina la marehemu: hapo Wembe akasita, akamtazama Mabano, akarudi kwenye karatasi. Lilikuwa jina la Mabano mwenyewe, na la baba yake, na la babu yake, yote matatu, bila kosa la herufi hata moja. Tarehe ya kifo: jana. Mtoa taarifa: Mzee Gundi. Uhusiano na marehemu: baba mkwe.

Mama Birika akamsogelea marehemu na kumshika bega, akisema anaona kama bado ana joto.

Kwa Mzee Gundi halikuwa jambo la kuchekesha. Harusi ilikuwa kesho kutwa. Ukumbi umeshapatikana, wageni wa mbali wameshaanza safari, mama wa bibi harusi ameshagombana na watu wote wanaostahili kugombana naye. Lakini orodha ya ndoa za wiki hii ilikuwa inafungwa leo saa kumi, na jina lisilokuwemo lingesubiri mwezi mzima. Alieleza hayo yote kwa utulivu uliomtisha Mabano kuliko kelele, kisha akasema anachotaka sasa ni kitu kimoja tu: kuonyeshwa huyo mpumbavu aliyeitengeneza tovuti ile. Hatamfanya kitu, atampigilia soli tu, na miguu ikiwa ndani.

"Pengine si mpumbavu," Mabano akasema taratibu. "Pengine alipitiwa."

"Unamjua?"

"Nasema tu kitaalamu."

Akaombwa aeleze hicho kitaalamu. Mabano akajikaza. Alisema ombi la mwananchi ni sawa na mgeni anayefika getini. Pale getini kuna mlinzi mwenye karatasi ya maelekezo, na karatasi hiyo ndiyo faili la XML.

"X, M, L," Wembe akarudia. "Hizo si saizi za fulana?"

Si saizi za fulana, Mabano akasema. Ni namna ya kuandika. Mlinzi anasoma kutoka juu kwenda chini: mgeni wa ndoa mpeleke chumba hiki, mgeni wa leseni chumba kile. Akikuta mstari unaomfaa mgeni, hapo hapo anampeleka, hasomi tena ya chini. Sasa kuna alama ya nyota. Nyota mbili pamoja maana yake ni mgeni yeyote, awe nani, awe anataka nini. Mstari wa nyota huwekwa chini kabisa, uwapokee waliokosa pa kwenda. Ukiwekwa juu, basi tena, kila mtu anapelekwa huko.

"Na juu yule bwana akaweka chumba cha vifo," Mzee Gundi akasema.

"Kwa muda tu. Alikuwa anajaribu ukurasa wa vifo, ukawa unagoma, akasema ngoja auweke juu auone. Basi simu ikalia, akasahau kuushusha."

"Simu ya nani?"

Mabano akazidi kukoroga. Mama Birika, ambaye kwa robo saa nzima alikuwa akiitazama ile glasi, akamwambia kwa huruma, "Mwanangu, hiyo chai unayoikoroga sijaitia sukari bado."

Hapo maji yakawa yamezidi unga. Mabano akaweka kijiko chini, akakiri yote. Faili ni lake. Nyota ni zake. Na simu, kama lazima ijulikane, ilikuwa ya bibi harusi, aliyetaka kujua vitambaa vya viti viwe rangi ya maziwa au rangi ya krimu, na baada ya saa nzima ya kutafuta tofauti kati ya hizo mbili hakuna mwanadamu ambaye angekumbuka nyota.

"Usimtie binti yangu humo," akasema Mzee Gundi.

"Simtii, baba mkwe."

"Baba mkwe wa nani? Maiti haina mkwe."

Wembe akasema wahenga walishamaliza, mchimba kisima huingia mwenyewe, na kwamba yeye amewahi kusikia watu waliojiua kwa kamba na kwa sumu, lakini kwa nyota mbili huyu ni wa kwanza. Mama Birika aliwanyamazisha wote. Saa ilikuwa inakaribia tisa. Kama kijana ndiye aliyevuruga, kijana ndiye wa kutengeneza, matusi yatasubiri.

Laptop ikatolewa mkobani, ikawekwa juu ya sanduku la misumari, mtandao ukaombwa kwenye simu ya Wembe. Mabano akaushika ule mstari wa nyota, akaukata juu, akaubandika chini. Akahifadhi, akapuliza vidole, akamwomba mzee ajaze ombi la ndoa upya. Mzee Gundi alijaza kwa kidole kimoja, akabonyeza, na kioo kikajibu kwa herufi za kijani: "Asante. Ombi lako linafanyiwa kazi."

Wembe alipiga makofi. Mama Birika alimshukuru Mungu na kumiminia kila mtu chai ya bure. Mzee Gundi alianza hata kutabasamu. Ni Mabano peke yake aliyekuwa amejishika kichwa.

"Hilo ndilo kosa lenyewe," akasema.

Hawakumwelewa, ikabidi aeleze, na alieleza akitazama chini. Mkuu wa ofisi alimpa amri: mwananchi asione neno kosa hata siku moja, kwa sababu ofisi haina makosa. Kwa hiyo Mabano aliandika kwenye faili kwamba likiharibika jambo lolote, mashine ikizima, ukurasa ukikosekana, ombi likipotelea hewani, mwombaji aambiwe tu kwamba linafanyiwa kazi.

Wembe akaweka glasi chini polepole. Alikuwa ameomba kibali cha kupaka rangi kibanda chake, na kila Jumatatu kwa miezi mitatu alikuwa akiingia kuangalia, akijibiwa hivyo hivyo, akiridhika. Rangi ameshainunua. Imeshaganda.

"Mimi nilikuwa namwombea dua," Mama Birika akasema. "Huyo anayelifanyia kazi ombi langu. Kila nikisali namtaja, Mungu amtie nguvu, maana naona linamchosha."

Mabano aliona aibu ya kweli, ile isiyo na utani ndani yake. Aliwaomba wamsamehe. Mzee Gundi akamwambia aibu aiweke akiba, sasa ni saa tisa na nusu, atafute kilichoharibika.

Akatafuta. Alipita faili lote mara mbili, akitokwa jasho puani, na kila akibonyeza anaambiwa linafanyiwa kazi. Mistari ilikuwa imejaa mabano yenye ncha, ikifunguka na kufungwa, na kadiri alivyoitazama ndivyo ilivyozidi kufanana. Mwishowe Mzee Gundi akavaa miwani, akamsogeza kwa kiwiko, akainamia kioo.

"Hivi vijimstari vilivyoinama ni vya nini?"

"Vya kufungia, baba. Kila ulichokifungua lazima ukifunge, na cha kufungia kina kijimstari."

Mzee hakujua kompyuta, lakini alikuwa ametumia miaka arobaini akitazama mishono. Akaanza juu, akashuka na sindano yake ya viatu bila kugusa kioo, akinong'ona: kafungua, kafunga, kafungua, kafunga. Mstari wa tatu kutoka chini, pale pale nyota zilipobandikwa, sindano ikasimama.

"Huyu kafunguliwa mara mbili. Hakufungwa. Mshono umeachwa wazi, kiatu kitakaaje?"

Mabano akatia kijimstari. Tovuti ikaamka. Ikaja leseni mahali pa leseni, kuzaliwa mahali pa kuzaliwa, na alipobonyeza ndoa, ikaja ndoa yenyewe, na pete mbili zimechorwa pembeni. Wembe hakupiga makofi safari hii. Aliuliza kwanza kama hiyo nayo ni kosa. Akaambiwa hapana, hii ni kweli.

Mzee Gundi akajaza mara ya tatu, akabonyeza. Jibu likaja haraka, kwa herufi nyekundu: "Ombi limekataliwa. Bwana harusi alifariki jana."

Ilikuwa saa kumi kasoro robo. Mabano alieleza kwa sauti ya mgonjwa kwamba sasa mfumo unafanya kazi vizuri kabisa, na ndiyo balaa lenyewe. Ombi la jana lilipopelekwa chumba cha vifo liliandikwa kwenye daftari la vifo. Njia zimenyooka, lakini yeye ameshakufa humo, na hana ruhusa ya kugusa daftari. Kuna fomu ya kufuta kifo, ila hawezi kuijaza, kwa kuwa sheria inasema maiti haisaini.

"Nani anaijaza?" Wembe akauliza.

"Aliyetoa taarifa ya msiba."

Wote wakageuka kumtazama Mzee Gundi. Mzee akavua miwani, akaifuta kwa pindo la aproni, akaivaa tena bila haraka yoyote. Mabano alijua kwamba maisha yake, yaani harusi, nyumba aliyoipanga, na yule binti anayeweza kubishana saa nzima kuhusu rangi ya maziwa na ambaye yeye alimpenda hata katika ubishi huo, yote yako kwenye kidole kimoja chenye gundi.

Fomu ilifunguliwa. Jina likaingia, uhusiano ukaingia. Chini kabisa palikuwa na sehemu ya lazima: eleza kwa nini marehemu arudishwe. Mama Birika akashauri iandikwe kwamba ni kijana mwenye adabu na hajawahi kuondoka na glasi. Wembe akapendekeza ukweli, kwamba alikufa kwa makosa ya ofisi, lakini Mabano akamkumbusha kwamba ofisi haina makosa. Saa kumi kasoro dakika sita. Mabano akapiga magoti kando ya kigoda.

"Baba, andika chochote."

Mzee Gundi akaandika. Herufi moja, akatafuta nyingine, akaipata, akabonyeza. Mabano alifuata kwa macho mpaka sentensi ilipokamilika:

"Alikufa kwa uzembe wake. Binti yangu namjua. Arudi, amwoe, ndiyo adhabu."

Afisa aliyekuwa zamu, popote alipokuwa, lazima naye alikuwa na mke na baba mkwe, kwa sababu haikupita dakika moja kifo kikafutwa. Mzee akalibonyeza ombi la ndoa mara ya nne, na dakika mbili kabla ya saa kumi jibu likaja. Limekubaliwa.